Matamasha ya mashabiki na mashindano ya vituko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila anayesikia kwamba wikendi yangu imeishia katikati ya watu waliovaa kama maroboti huniuliza maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa, pamoja na yale ya wanaotaka kwenda kwa mara ya kwanza. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni tamu. Mengine nimeyakata.

Tamasha la mashabiki ni kitu gani hasa?

Ni mkusanyiko wa siku moja hadi nne hivi wa watu wanaopenda jambo fulani kupita kiasi: hadithi za kisayansi, vitabu vya katuni, anime (katuni za Kijapani), gemu, filamu za kutisha. Ndani yake utakuta mijadala ya jukwaani, meza za wasanii, wauzaji, maonyesho ya mavazi, vyumba vya kucheza gemu, na foleni. Foleni nyingi.

Si mambo ya juzi. Julai 1939 mashabiki wapatao 200 wa hadithi za kisayansi walikutana New York, wakauita mkutano wao wa dunia kwa kuwa mjini humo kulikuwa na Maonyesho ya Dunia. Wawili kati yao, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas, walitokea wamevaa nguo za watu wa wakati ujao, alizoshona Myrtle mwenyewe. Mwaka uliofuata, kule Chicago, tayari kulikuwa na mashindano ya mavazi. Na usidhani ugomvi wa mashabiki umeletwa na intaneti: mkutano huohuo wa 1939 ulianza kwa watu sita kuzuiwa mlangoni kwa sababu ya uhasama wa vikundi.

Comic-Con, tamasha maarufu la San Diego, Marekani, lilianza Machi 1970 kama kikao cha siku moja hotelini, watu hawakufika hata mia mbili. Siku hizi hupokea zaidi ya 130,000. Comiket ya Tokyo, soko la vitabu vya katuni vinavyochapishwa na watunzi wenyewe, ilianza Desemba 1975 na vikundi 32 vya watunzi na wageni wapatao 700. Sasa wageni wake huhesabiwa kwa malaki.

Mimi si shabiki lialia. Si nitaonekana mshamba?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi kuliko yote, na ndilo linalowazuia watu wengi bure. Hakuna mtihani mlangoni. Hakuna atakayekuuliza jina la farasi wa mhusika wa sura ya tatu. Akitokea wa kukuuliza, mwambie hujui, umekuja kutazama. Kisha umuulize yeye. Shabiki wa kweli akiulizwa kuhusu kitu anachokipenda huongea mpaka sauti ikamkauka, na atakuona wewe ndiye mtu mwenye akili kuliko wote aliokutana nao siku hiyo.

Mimi mwenyewe matamasha niliyoyafurahia zaidi ni yale ambayo sikujua chochote kuyahusu. Ukienda kwenye jambo unalolijua sana, unakagua: hili si sahihi, lile limesahaulika. Ukienda mtupu, unabaki na kitu kimoja cha kutazama, nacho ni watu wazima wenye kazi, madeni na watoto wa shule, waliochukua miezi minne kutengeneza mabawa. Hicho ndicho kivutio, na hakihitaji kujua hadithi.

Lazima nivae kosplei, yaani vazi la mhusika wa hadithi?

Hapana. Wengi wa waliomo ukumbini huwa na suruali na fulana zao za kawaida. Fulana yenye picha ya kitu unachokipenda inatosha kabisa kuanzisha mazungumzo.

Neno lenyewe, kwa wanaopenda asili ya maneno, lilitungwa Japani miaka ya 1980 na mwandishi Nobuyuki Takahashi, kwa kuunganisha vipande vya maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya vazi na uigizaji. Kwa hiyo uigizaji ni nusu ya jambo. Nimeona kijana aliyevaa kadibodi tupu iliyopakwa rangi ya fedha akiwashinda waliovaa silaha za gharama, kwa sababu siku nzima hakutoka ndani ya mhusika wake, hata alipokuwa anaomba apishwe aende chooni.

Nataka kuvaa. Nianzie wapi?

Anza na mhusika unayempenda, si unayefanana naye. Umbo, rangi ya ngozi, umri na jinsia havimzuii mtu. Kisha tazama kabati lako kabla ya kutazama duka: koti kuukuu na kofia sahihi humtambulisha mhusika kuliko vazi zima la kununua lililokaa vibaya mabegani.

Ukitaka kutengeneza, kadibodi na ile mikeka ya sponji inayopangwa sakafuni watoto wachezee ndivyo vifaa vya wengi. Sponji ukiipasha moto hukunjika na kubaki na umbo hilo. Gundi ya moto itakuunguza vidole angalau mara moja. Hesabu hiyo kuwa ada ya kujiunga.

Kinachowaangusha wageni si ushonaji bali kutofanya majaribio. Siku kadhaa kabla, vaa kila kitu nyumbani, kisha kaa kwenye kiti, panda ngazi, pita mlangoni, kunywa maji, nenda chooni, halafu jaribu kuona miguu yako mwenyewe. Moja ya haya litakushinda. Afadhali likushinde sebuleni. Viatu vaa vilivyokwisha kukuzoea. Mimi nilivaa vipya mara moja, na saa nane mchana nilikuwa natembea peku ukumbini nimevishika mkononi, askari wa angani asiye na heshima yoyote.

Ndani ya mkoba weka sindano, uzi, pini, gundi na plasta. Hata kama hutavihitaji, kuna atakayevihitaji, na urafiki mwingi wa matamasha huanzia kwa mtu aliyechanika mgongoni na mwingine mwenye pini.

Silaha za kuigiza zinaruhusiwa?

Nyingi ndiyo, kwa masharti, na masharti hutofautiana. Kwa kawaida kuna meza ya ukaguzi mlangoni. Silaha yako hutazamwa, ikipita hufungwa utepe au huwekwa alama. Chuma chenye makali na chochote kinachofyatua risasi za aina yoyote hakipiti. Bunduki ya bandia isiyotofautika na ya kweli iache nyumbani, au angalau isionekane njiani. Mpita njia hajui kwamba unakwenda kwenye tamasha.

Naweza kuwapiga picha waliovaa?

Omba kwanza. Watakubali karibu wote, tena watakupa pozi ambalo wamelifanyia mazoezi. Usimsimamishe mtu katikati ya njia, mlangoni wala kwenye ngazi; mvute pembeni. Usimpige akila, akiwa amevua kofia yake ya kinyago kupumua, au akiwa amepiga magoti anarekebisha kiatu. Na usimguse, wala vazi lake, wala mabawa, hata kama unataka tu kujua yametengenezwa kwa nini. Muulize, atakueleza.

Mwaka 2014 tamasha la vitabu vya katuni la New York liliweka mabango makubwa kuwakumbusha wageni kwamba vazi la mtu si ruhusa ya kumfanyia utakalo. Baada ya hapo matamasha mengi yaliandika kanuni za namna hiyo. Zisome, na ukisumbuliwa tafuta watu wa kujitolea. Hutambulika kwa fulana au vitambulisho vyao.

Foleni zinachosha. Kuna ujanja?

Upo mmoja: acha kukimbilia ukumbi mkubwa. Ukumbi mkubwa kabisa wa San Diego, ule unaoitwa Hall H, una viti kama 6,500. Rudi kwenye ile idadi ya wageni niliyoitaja juu, ugawanye. Watu hulala nje wakingojea kuwaona wacheza filamu kwa mbali, kisha huwatazama kwenye skrini kubwa iliyowekwa ndani ya ukumbi. Sisemi wamekosea. Nasema skrini hata nyumbani ipo.

Wakati huohuo, chumba kidogo cha mwisho kwenye korido kina watu ishirini na mtu mmoja anayeeleza jinsi sauti za mazimwi zinavyotengenezwa kwa kusugua majani ya kabichi. Hapo utauliza swali na kujibiwa, na mzungumzaji atakukumbuka mkikutana kwenye lifti. Nikiwa na ratiba, huweka alama kwenye jambo moja kubwa tu kwa siku. Yaliyobaki nachagua kwa kichwa cha habari: kadiri kinavyochekesha, ndivyo ninavyoingia.

Ukiwa ndani ya foleni, zungumza na aliye mbele yako. Ni ukumbi wa tatu wa tamasha, usio na tiketi.

Kwenye meza za wasanii natakiwa kufanyaje?

Tembea raundi moja bila kununua kitu, kisha rudi. Msalimie msanii. Kutazama bila kununua si kosa. Kosa ni kusimama mbele ya meza yake robo saa mkipiga soga na rafiki yako huku wateja wakishindwa kufika. Usimwambie mtu kwamba wewe ungeweza kukichora hicho kwa dakika kumi. Usiombe akuchoree bure kwa sababu "itamtangaza". Bebeni pesa taslimu ndogondogo, kwa kuwa mtandao wa simu huzidiwa penye watu wengi, na bebeni bahasha ngumu au bomba la kadibodi, la sivyo picha uliyoipenda itafika nyumbani imekunjika.

Nikikutana na mtu maarufu nimwambie nini?

Sentensi moja, uliyoitayarisha. Muda ni sekunde chache na ubongo huganda. "Sauti yako ilinisindikiza nilipokuwa naugua" inamfikia zaidi kuliko kumweleza njama nzima ya filamu aliyoicheza mwenyewe. Saini na picha mara nyingi hulipiwa mbali na kiingilio, angalia mapema.

Naweza kwenda peke yangu?

Ndiyo, na kwa mara ya kwanza naipendelea. Ukiwa na kundi, nusu ya siku inaishia kutafutana. Mjulishe mtu ulipo, chaji pawabenki usiku, basi.

Na watoto?

Wanafaa sana kwa saa tatu. Baada ya hapo hawafai kwa lolote. Andika namba yako ya simu kwenye kipande cha karatasi umfungie mtoto mkononi, na angalia ratiba ya siku. Mijadala ya usiku si yao.

Hiyo kanuni ya tano, mbili, moja ni ipi?

Kila siku ya tamasha: angalau saa tano za usingizi, milo miwili ya maana, na kuoga mara moja. Wengine husema saa sita, wengine tatu, lakini hiyo moja ya mwisho haijadiliwi. Elfu kadhaa ya watu ndani ya ukumbi uliofungwa, nusu yao wamevaa plastiki na manyoya, siku ya tatu. Ulishaelewa.

Kwa nini kila nikirudi naugua?

Kwa sababu umelala kidogo, umekula ovyo, umepaza sauti na umeshikana mikono na nusu ya mji. Ni jambo linalojulikana kiasi kwamba mashabiki wa Kiingereza wana jina lake la utani. Mwaka 2009 tamasha moja la gemu huko Seattle liliripotiwa kuwa chanzo cha maambukizi kama mia moja ya mafua ya nguruwe. Nawa mikono, kunywa maji, vaa barakoa kwenye foleni ukipenda (kwenye tamasha la vinyago nani atakushangaa?), na ukiwa unaumwa usiende, hata kama tiketi hairudishwi.

Mbali na matamasha ya mashabiki, umetaja mashindano ya vituko. Kama yapi?

Hapa nikiachwa nitaandika kitabu.

Pale Cooper's Hill, Gloucestershire, Uingereza, jibini la mviringo lenye uzito wa kilo tatu na zaidi hubingirishwa kutoka kileleni, na watu hulikimbiza. Mlima ni mkali kiasi kwamba hakuna anayekimbia. Wote huanguka, tofauti ni mtindo. Atakayefika chini wa kwanza hupewa jibini. Mwaka 2023 mshindi wa mbio za wanawake, aliyetoka Canada, alivuka mstari akiwa amezirai, akajua kwamba ameshinda alipozinduka kwenye hema la huduma ya kwanza.

Wales, katika mji mdogo wa Llanwrtyd Wells, tangu 1985 watu huogelea kwenye mfereji uliochimbwa ndani ya matope ya kinamasi, kwenda na kurudi, na mitindo ya kawaida ya kuogelea hairuhusiwi. Unapiga miguu tu, uso umezama, mrija mdomoni. Mji huohuo ndio ulioanzisha mbio za binadamu dhidi ya farasi mwaka 1980, njia ya maili 22 hivi ya milimani, baada ya watu wa baa kubishana nani angeshinda. Farasi walishinda mwaka baada ya mwaka, na zawadi ya pesa ikawa inaongezwa kila mara binadamu alipokosa. Mwaka 2004 Huw Lobb aliwatangulia farasi wote akaondoka na pauni 25,000. Napenda kuwaza ubishi ule wa baa: miaka ishirini na minne kungoja jibu.

Finland ina mawili makubwa. Sonkajärvi, tangu 1992, kuna mbio za kubeba mke, mita 253.5, pamoja na kidimbwi cha maji njiani. Si lazima awe mke wako, ila asipungue kilo 49. Akipungua, hubebeshwa mzigo wa kufidia. Mshindi hupewa bia yenye uzito sawa na wa mke. Oulu, tangu 1996, kuna ubingwa wa dunia wa kupiga gitaa lisilokuwepo. Mshiriki ana sekunde 60, na majaji hutoa alama kuanzia 4.0 hadi 6.0 kwa mtindo wa zamani wa michezo ya barafuni. Waandaaji wanaamini kwamba mtu anayepiga gitaa la hewa hawezi kushika bunduki. Kimantiki sijaona kasoro.

Uholanzi kuna siku za watu wenye nywele nyekundu. Chanzo chake, mwaka 2005, ni mchoraji aliyetangaza gazetini kwamba anatafuta wanawake 15 wenye nywele za rangi hiyo wa kuwachora. Walijitokeza 150. Hakutaka kuwafukuza, akawaalika wote kwa siku moja. Yeye mwenyewe nywele zake si nyekundu.

Naweza kushiriki, au ni kutazama tu?

Mengi yako wazi kwa yeyote anayejiandikisha mapema na kutia saini karatasi ya kukubali kwamba akiumia ni juu yake. Shiriki, kama mwili unaruhusu. Katika mashindano ya kawaida wa mwisho huona aibu. Hapa wa mwisho ndiye hushangiliwa zaidi. Ila mavazi ya kubadilisha beba mawili. Moja halitoshi.

Je, ni hatari?

Baadhi ndiyo, si mzaha. Cooper's Hill watu huvunjika mifupa. Mwaka 2010 mashindano yale yalifutwa rasmi kwa hofu ya usalama baada ya umati kuzidi mwaka uliotangulia, na tangu hapo wenyeji huyaendesha wenyewe. Kaa upande ambao jibini haliji, haliangalii mtu. Kwenye vita vya nyanya vya Buñol, Hispania, kanuni ni kuliponda tunda kabla ya kulitupa, na mlio wa pili wa baruti ukisikika (wa kwanza huanzisha vita) kila mtu anaacha. Vaa miwani ya kuogelea.

Wenyeji hawatuchukii?

Hutegemea mnavyokuja. Buñol ilianza kutoza tiketi na kuweka kikomo cha watu mwaka 2013 kwa sababu mji wenye wakazi chini ya elfu kumi ulikuwa ukipokea makumi ya maelfu. Upande mwingine kuna Pittsburgh, Marekani, ambako tangu 2006 hukutana maelfu ya wapenzi wa wanyama wanaozungumza, wengi wao wamevaa manyoya kuanzia masikio hadi mkia. Wenye maduka na migahawa wamewazoea hata huwawekea mabango ya kuwakaribisha.

Nunua kitu kwa wenyeji. Usikojoe kwenye ukuta wa mtu. Na kama jambo ni ibada kwao, usilifanye kichekesho chako. Kama ni kichekesho kwao, usikae pembeni umenuna ukipiga picha.

Nitajuaje kwamba tamasha si la kitapeli?

Tafuta mambo matatu. Je, lilishafanyika kabla? Je, wageni waliotangazwa wamelitaja wenyewe kwenye kurasa zao? Je, ukumbi wenyewe unalijua? Piga simu ukumbini. Dakika mbili zimewaokoa wengi. Ogopa tamasha la kwanza linaloahidi watu maarufu thelathini.

Lakini tofautisha utapeli na kuzidiwa. Januari 1972 mashabiki wa Star Trek, kipindi cha televisheni cha safari za angani kilichokuwa kimeshasimamishwa miaka mitatu kabla, waliandaa mkutano New York wakitarajia watu mia chache. Walikuja zaidi ya 3,000. Kuzidiwa namna hiyo ni jambo la kusamehe, maana waandaaji wengi ni watu wa kujitolea wasiolala.

Ya karibu na mimi nitayapataje?

Si lazima upande ndege. Uliza maktaba, maduka ya vitabu na gemu, vyuo, na mbao za matangazo. Tafuta neno "mashindano" pamoja na kitu cha kipuuzi, uone. Mikutano midogo ya watu sabini ndiyo ninayoirudia: wauzaji wa stempu, wapenzi wa treni ndogo, wafuga njiwa, mashindano ya maboga. Mzee wa treni ndogo hana ulinzi wala foleni, na atakuachia uendeshe.

Nikirudi nyumbani najikuta mnyonge siku mbili tatu. Ni kawaida?

Kawaida kabisa. Siku tatu umekuwa mahali ambapo kila mtu anaelewa utani wako, kisha Jumatatu mtu anakuuliza kuhusu ripoti. Usilitundike vazi mara moja. Lifue, shona palipochanika, watumie picha wale uliobadilishana nao namba, na umwandikie yule uliyempa pini. Pengine bado anayo.